Mlembe, Mrina Asali na Mpaka wa Lugha

Mtu anayepita katika miombo ya Litumbandyosi, wilayani Mbinga, huenda akafuatwa na ndege mdogo mwenye manyoya ya kijivu yaliyochanganyika na hudhurungi. Ndege huyo hutua mtini karibu naye, akapiga kelele za mfululizo kama njiti za kiberiti zinazotikiswa ndani ya kibweta chake, kisha akaruka hadi mti wa mbele na kungoja. Mtu asiyemjua humdhania kuwa ni msumbufu tu. Mrina asali amjuaye humfuata, na mara nyingi mwisho wa safari yao huwa ni tundu la nyuki katika shina la mti. Ndege huyo ni mlembe, ambaye wengine humwita kiongozi-asali. Wataalamu wa elimu ya wanyama wamempa jina la *Indicator indicator*.

Tukio hili linazusha swali la kale ambalo wanasayansi wangali wakilichunguza: je, wanyama wana lugha? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alisema kwamba wanyama wana sauti za kuonyesha uchungu na raha, bali mwanadamu peke yake ndiye mwenye usemi wa kubainisha haki na dhuluma. Hata hivyo mlembe haonyeshi uchungu wala raha. Anaonyesha nyuki. Je, tuseme kwamba anazungumza?

Kabla ya kujibu, yafaa tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mawasiliano ni kitendo chochote ambacho kwacho kiumbe mmoja hutoa ishara, na mwingine, kwa kuipokea ishara hiyo, hubadili mwenendo wake. Mlio wa kuku anayeita vifaranga ni mawasiliano. Harufu aiachayo chui katika mipaka ya eneo lake ni mawasiliano pia. Lugha ni namna moja tu ya mawasiliano, tena yenye sifa zake maalumu. Kila lugha ni mawasiliano, lakini si kila mawasiliano ni lugha. Kusudi la makala haya ni kuonyesha mpaka kati ya mambo hayo mawili umepita wapi, na mlembe ndiye atakayetuongoza.

Ndege anasema nini?

Ushirikiano wa mlembe na mtu umejengwa juu ya upungufu wa kila mmoja wao. Mlembe hupenda kula nta na majana ya nyuki, na hujua nyuki waliko, lakini hana shoka wala moto. Mtu ana shoka na moto, lakini hajui nyuki waliko. Mtu akifukiza moshi na kulipasua tundu, yeye huchukua asali, na ndege hujipatia nta iliyobaki. Habari hizi zimeandikwa tangu zamani: mwishoni mwa karne ya 16, João dos Santos, padri wa Kireno aliyekuwa Sofala, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji, alieleza jinsi ndege huyu alivyoingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta, na jinsi alivyowaongoza watu kwenye asali.

Kueleza ni jambo moja, kupima ni jambo jingine. Upimaji wa kwanza ulio kamili ulifanywa kaskazini ya Kenya, miongoni mwa Waborana, na Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na H.-U. Reyer. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989. Waligundua kwamba warina asali waliotafuta nyuki bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata kiota kimoja, na walioongozwa na ndege walitumia wastani wa saa 3.2. Waborana walidai kwamba wanaweza kusoma habari katika mwenendo wa ndege: uelekeo anaoruka huonyesha upande ambako nyuki wapo, na kadiri anavyokaribia kiota, vituo vyake huwa vya karibu karibu zaidi na matawi anayotua huwa ya chini zaidi. Vipimo vya wachunguzi hao viliyathibitisha madai ya wenyeji.

Basi ni dhahiri kwamba mlembe hutoa habari za kweli kuhusu kitu kilicho nje ya nafsi yake. Hutoa habari za mambo matatu: upande, umbali na kufika. Lakini tuangalie vilevile asiyoweza kuyatoa. Hawezi kueleza kwamba tundu hili lilirinwa mwezi uliopita. Hawezi kusema kwamba nyuki wa mti ule ni wakali kuliko wa mti huu. Hawezi kuuliza kama mtu amechukua shoka. Ana ujumbe mmoja tu, nao ni «nifuate huku», anaourudia mpaka safari iishe.

Mtu humjibuje ndege?

Upande wa pili wa mawasiliano haya unashangaza zaidi. Mto Ruvuma, ambao huanzia katika milima ya Umatengo, hutiririka kuelekea mashariki na kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Ng'ambo ya mto huo, upande wa Msumbiji, iko Hifadhi ya Niassa, ambamo Wayao wangali wakirina asali kwa msaada wa mlembe. Mrina asali wa huko anapotaka ndege amjie hutoa mwito maalumu: hutetemesha ulimi kwa nguvu, kisha humaliza kwa mguno mfupi, kama «brrr-hm». Mwito huo amejifunza kwa baba yake.

Mtafiti Claire Spottiswoode, pamoja na Keith Begg na Colleen Begg, walitaka kujua kama ndege anautambua mwito huo hasa, ama anaitikia tu kelele yoyote inayoashiria kwamba mtu yupo. Walipita msituni huku wakipiga kwa chombo sauti za namna tatu: mwito wa warina asali, maneno ya kawaida yaliyotamkwa na watu, na mlio wa ndege mwingine. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Sauti nyingine zilipopigwa, uwezekano wa mlembe kumwongoza mtu ulikuwa kiasi cha asilimia 33. Mwito ulipopigwa, uwezekano huo ulifika asilimia 66. Na uwezekano wa safari nzima kuishia kwenye kiota cha nyuki ulipanda kutoka asilimia 17 hadi asilimia 54.

Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walitoa matokeo ya jaribio jingine lililounganisha Niassa na nchi ya Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Wahadzabe hawaguni kama Wayao. Wao humwita mlembe kwa mluzi wenye sauti za kupanda na kushuka. Ilionekana kwamba walembe wa Uhadzabe waliitikia zaidi mluzi wa Kihadzabe kuliko mwito wa Kiyao, na wale wa Niassa waliitikia zaidi mwito wa Kiyao kuliko mluzi wa Kihadzabe. Kwa maneno mengine, ndege wa kila mahali wamejifunza desturi ya watu wa mahali pao. Wala hawakufundishwa na mama zao, kwa kuwa mlembe hutaga mayai katika viota vya ndege wengine, kama vile keremkeremu, na kinda wake hulelewa na wazazi wa kambo.

Hapa baadhi ya tofauti zilizozoeleka vitabuni zinatetereka. Huelezwa kwamba ishara za wanyama ni za kuzaliwa nazo, na kwamba lugha ya mtu hujifunzwa. Lakini mlembe amejifunza maana ya mwito. Huelezwa pia kwamba maneno ya binadamu ni ya unasibu, yaani hakuna sababu ya asili inayoifunga sauti fulani na maana fulani. Nyuki huitwa *nyuki* katika Kiswahili, *njuchi* katika Kinyanja ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na *nahl* katika Kiarabu, na hakuna jina lililo karibu na mdudu kuliko lingine. Lakini mguno wa Wayao na mluzi wa Wahadzabe ni wa unasibu vilevile.

Hata hivyo, jaribio la mwaka 2016 lina fundisho jingine ambalo halina budi kutiliwa mkazo. Maneno ya watu hayakumvuta ndege. Mwito ndio uliomvuta. Mwito «brrr-hm» hutoka kinywani mwa Myao, lakini si neno la Kiyao. Hauna ngeli, haukanushiki, hautiwi katika wakati uliopita wala ujao, hauunganiki na neno jingine kufanya sentensi. Mrina asali anapozungumza na mlembe huiweka lugha yake kando na kutumia ishara moja yenye ujumbe mmoja, kama afanyavyo ndege mwenyewe. Anapomgeukia mwanawe na kumwambia, «Ukimwita kwa sauti ndogo hatakuja», amerudi katika lugha. Kwa hiyo mpaka tunaoutafuta umepita ndani ya kinywa cha mtu mmoja, asubuhi moja, chini ya mti mmoja.

Nyuki na tumbili

Tukiutazama mpaka huo kwa wanyama wengine tutauona vizuri zaidi. Tuanze na nyuki mwenyewe. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria, alionyesha kwamba nyuki aliyepata maua mengi hurudi mzingani na kucheza ngoma juu ya sega. Hukata mstari huku akitikisa tumbo, kisha huzunguka na kuurudia mstari ule ule. Pembe iliyopo kati ya mstari huo na wima wa sega ni sawa na pembe iliyopo kati ya jua na uelekeo wa maua. Na kadiri mtikiso unavyochukua muda mrefu, ndivyo maua yalivyo mbali. Kwa kazi hiyo na nyinginezo, von Frisch alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Niko Tinbergen.

Ngoma ya nyuki ni ya ajabu, kwani humhusu mlaji na chakula kisichoonekana mahali pa mazungumzo. Lakini von Frisch aliwahi kuweka mzinga chini ya mnara na chakula juu ya mnara huo. Nyuki waliopandishwa juu walirudi na kucheza kwa bidii. Wenzao wakatoka na kutafuta huku na huko chini, wasipate kitu. Ngoma yao ina upande na umbali, haina «juu». Mwanadamu akikabiliwa na jambo asilo na neno lake hubuni neno, au hulieleza kwa maneno aliyo nayo. Nyuki hawakubuni.

Mfano wa pili ni wa tumbili wa Amboseli, nchini Kenya. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha mwaka 1980 matokeo ya majaribio yao kuhusu milio ya hadhari ya tumbili hao. Mlio wa chui huwafanya wakimbilie mitini. Mlio wa tai huwafanya watazame juu au wajifiche vichakani. Mlio wa nyoka huwafanya wasimame kwa miguu ya nyuma na kuchungulia majanini. Wachunguzi walipopiga milio iliyorekodiwa, pasipo chui, tai wala nyoka, tumbili walifanya vivyo hivyo. Na kama watoto wa binadamu, tumbili wachanga hukosea: huweza kutoa mlio wa tai kwa sababu ya ndege asiye na madhara, au hata jani linaloanguka. Wakubwa hawafanyi kosa hilo.

Je, mlio wa chui ni sawa na neno *chui*? Unafanana nalo katika jambo moja: humhusu mnyama fulani. Lakini mtu akilitamka neno *chui* aweza kuwa anasema «chui ameondoka», «hapana chui hapa», «babu aliua chui», au «chui na simba, nani mkali?». Tumbili hatoi mlio wa chui ili kuwasimulia wenzake habari za chui wa jana. Mlio wake ni tangazo zima lisilogawanyika.

Muundo wa lugha ya binadamu

Sasa tutazame lugha ya binadamu ina nini cha ziada. Mwaka 1960 Charles Hockett, mwanaisimu wa Marekani, aliorodhesha sifa 13 za lugha ili zilinganishwe na mawasiliano ya wanyama. Hapa tutaeleza tatu zilizo kuu.

Sifa ya kwanza ni ujenzi wa ngazi mbili. Sauti *k*, *t* na *a*, kila moja peke yake, haina maana ya kudumu. Zikipangwa hutupa *kata*, *taka*, *kaka*, *tata*, *kataa*, *takata*. Kiswahili kina irabu 5 na konsonanti zisizofika 30, na kwa akiba hiyo ndogo kimejenga maelfu ya maneno. Ngazi ya kwanza, basi, ni ya sauti zisizo na maana zinazojenga maneno yenye maana. Ngazi ya pili ni ya maneno yanayojenga sentensi.

Sifa ya pili ni uzalishaji usio na kikomo. Mwanafunzi na achukue majina 10 ya watendaji, vitenzi 10 na majina 10 ya watendwa. Kwa kuyaunganisha atapata sentensi 10 × 10 × 10, yaani 1,000. Akitumia nyakati 4 atapata 4,000. Akiongeza ukanushi wa kila sentensi atapata 8,000. Mnyama mwenye milio 10 isiyounganishwa ana jumbe 10, basi. Tena sentensi huweza kubeba sentensi nyingine ndani yake: «Babu alisema kwamba mjomba alidai kwamba ndege alimwongoza.» Hakuna kanuni ya lugha inayosema mahali pa kukomea, pumzi na kumbukumbu ndizo zinazotukomesha.

Sifa ya tatu ni uwezo wa kusema yasiyokuwepo: ya jana, ya kesho, ya mbali, na hata yasiyopata kutokea. Katika mkoa wa Ruvuma wazee husimulia Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, na mtoto wa leo hujua kwamba Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, ingawa hakuna aliye hai aliyeshuhudia. Tuichunguze vilevile sentensi hii: «Kama tusingalimwita, mlembe *asingalituongoza*.» Neno hilo la mwisho lina vipande sita: *a-si-ngali-tu-ongoz-a*. Katika vipande hivyo mna mtendaji, ukanushi, sharti lisilotimia, watendwa, tendo lenyewe na irabu ya mwisho. Ndege alikwisha kutuongoza; nasi kwa neno moja tunaifikiria dunia ambamo hakutuongoza. Hakuna ngoma ya nyuki wala mlio wa tumbili ujulikanao ambao umepata kuonyesha jambo la namna hiyo.

Ziko hadithi za sehemu nyingi za Afrika zinazosema kwamba mrina asali asipomwachia mlembe fungu lake, safari ijayo ndege atamwongoza kwa simba au kwa nyoka. Hadithi hiyo ina ahadi, deni, kisasi na siku ijayo. Udanganyifu wenyewe si mali ya binadamu peke yake: mramba wa jangwa la Kalahari huigiza milio ya hadhari ya wanyama wengine ili wakimbie na kumwachia chakula. Lakini kutunga hadithi inayowafunza vijana kutodhulumu, hiyo ni kazi ya lugha. Hapo usemi wa Aristotle kuhusu haki na dhuluma ungali una nguvu.

Je, ukuta ni mzima?

Si haki kuficha kwamba ukuta huu una nyufa, na kwamba nyufa hizo zimeongezeka katika miaka ya karibuni. Sokwe ndiye jamaa yetu wa karibu zaidi pamoja na bonobo. Tangu Jane Goodall aanze kazi yake Gombe mwaka 1960, mengi yamejulikana juu yake. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1966, sokwe aitwaye Washoe alifundishwa ishara za mikono za viziwi, akajua zaidi ya 100. Mwaka 1979 Herbert Terrace, aliyemfundisha sokwe mwingine aitwaye Nim, alihitimisha kwamba ishara nyingi za Nim zilikuwa za kuomba na kuiga, na kwamba kurefuka kwa maneno yake hakukuongeza maana: alirudia tu *nipe*, *kula*, *chungwa*. Mtoto wa binadamu hukua tofauti, kwa sababu sentensi yake ikirefuka na habari yake huongezeka.

Lakini tafiti za porini zimeonyesha mengine. Katika msitu wa Budongo, nchini Uganda, ilitangazwa mwaka 2023 kwamba sokwe huunganisha mlio wa hofu na mlio wa kuita wenzao wanapomwona nyoka, na wenzao huuelewa muungano huo. Mwaka 2025 watafiti wa bonobo wa Kokolopori, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walieleza kwamba baadhi ya milio ya bonobo huungana kwa namna ambayo mlio mmoja hubadili maana ya mwingine. Mwaka 2024 uchunguzi wa tembo wa Samburu na Amboseli ulitoa ushahidi kwamba tembo huitana kwa milio inayomhusu kila mmoja, mfano wa majina.

Tujifunze nini? Kwamba sifa moja moja za lugha zimetawanyika kwa wanyama mbalimbali: nyuki ana mahali pasipoonekana, tumbili ana milio ya vitu maalumu, bonobo ana miungano, mlembe amejifunza desturi ya jirani. Kiumbe ambaye kwake sifa hizi zote zimekusanyika, zikatumika pamoja bila kikomo, ni binadamu peke yake. Tofauti iko katika mkusanyiko huo na katika nguvu itokanayo nao.

Mpaka usipowekwa mahali pake

Jambo hili si la darasani tu. Wako wasafiri wa Ulaya wa karne ya 17, waliofika kusini mwa Afrika, walioandika kwamba usemi wa Wakhoikhoi ulikuwa kama kelele za bata mzinga. Katika karne ya 19 walikuwapo wataalamu waliozipanga lugha za dunia kwa madaraja, zao wenyewe zikiwa juu kabisa. Waliuweka mpaka kati ya watu na watu. Isimu imeyakataa mafunzo hayo. Lugha zenye sauti za kidoko, kama za Wakhoikhoi, zimo miongoni mwa lugha zenye konsonanti nyingi kuliko zote duniani. Kimatengo, Kingoni, Kimanda, Kinyasa na Kiyao zina sauti zisizo na maana zinazojenga maneno, zina ngeli, zina nyakati, zina ukanushi, zina sentensi ndani ya sentensi, sawa na Kiingereza au Kijerumani. Hakuna lugha ya watu iliyo nusu ya lugha. Mwanafunzi anayechekwa kwa kuzungumza lugha ya nyumbani kwao anachekwa na mtu asiyejua mpaka uko wapi.

Kuna na jambo la pili. Walembe huongoza mahali ambapo watu hufuata. Herbert Friedmann, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya ndege hawa mwaka 1955, alikwisha kuona kwamba mahali ambapo watu walianza kujipatia utamu kwa njia nyingine, tabia ya kuongoza ilikuwa ikififia. Ndege akijifunza mwito kwa kuwasikia watu, basi watu wakinyamaza hana pa kujifunzia. Na kijana wa leo hataupata mwito kwa kuzaliwa nao. Ataupata kwa kuambiwa lini aite, aite kwa sauti gani, amwachie ndege nini. Mawasiliano ya mtu na mlembe si lugha, lakini kwa upande wa mtu yanaishi ndani ya lugha. Mzee asiposimulia, mwito hupotea. Na mwito ukipotea, ndege naye hunyamaza.

Kazi kwa wanafunzi

1. Sikilizeni milio ya kuku wa nyumbani kwa muda wa juma moja. Andikeni kila mlio, tukio lililoutangulia, na mwenendo wa kuku wengine baada ya kuusikia. Kuna milio mingapi yenye kazi tofauti?

2. Chukueni kitenzi kimoja cha lugha ya nyumbani kwenu, mkikate vipande kama tulivyokata *asingalituongoza*. Kila kipande kina kazi gani? Linganisheni na Kiswahili.

3. Waulizeni wazee wa mtaa wenu mlembe anaitwaje katika lugha yao, na kama zamani waliitikia au waliita kwa sauti gani. Kama mwito ulikuwapo, jifunzeni kuutoa, kisha jaribuni kuuandika kwa herufi. Mtaona kwamba herufi, zilizobuniwa kwa ajili ya maneno, hazitoshi kuuandika. Elezeni kwa nini.